Kwa Udi na Ambari: Historia ya Nyangumi Mkubwa na Safari Zake

Miongoni mwa misemo ambayo walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wao umo huu wa kutafuta jambo kwa udi na ambari, yaani kulitafuta kwa kila njia pasipo kubakiza juhudi. Msemo huu hutumika hata katika miji na vijiji vya bara ambako wengi hawajapata kuiona bahari. Mwanafunzi akiuliza udi ni nini, jibu si gumu: ni mti wenye harufu nzuri ambao vipande vyake hufukizwa chetezoni. Lakini akiuliza ambari ni nini, aghalabu sisi walimu hujibu kwamba ni aina ya manukato, kisha tukaendelea na somo. Jibu hilo ni la kweli, ila limeficha historia ndefu. Ambari hutoka ndani ya matumbo ya mnyama mkubwa wa baharini. Watu waliithamini kwa karne nyingi kabla hawajamjua vema mwenye kuitoa. Baadaye walimjua kwa kumuua. Na ni hivi karibuni tu, baada ya kumpunguza mno, walipoanza kumsikiliza.

Kiswahili huwaita kwa jina moja la nyangumi wanyama wakubwa wa aina nyingi. Wengi wao hawana meno, bali huchuja chakula chao kutoka katika maji. Huyu tunayekusudia kumweleza ana meno katika taya la chini, naye ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wenye meno duniani. Kwa kuwa hana jina la pekee lililoenea katika lugha yetu, katika makala haya tutamwita nyangumi wa ambari.

Ambari kabla ya kujulikana asili yake

Neno ambari tumelipata kutoka Kiarabu, na neno hilohilo la Kiarabu liliingia pia katika lugha za Ulaya. Njia lililopita neno ndiyo njia iliyopita bidhaa. Mwandishi wa Kichina Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, aliitaja nchi moja ya magharibi ambayo wanachuoni wengi huidhani kuwa pwani ya Wasomali, akaandika kwamba bidhaa zake ni pembe za ndovu na ambari. Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 956, alisafiri mwenyewe katika bahari ya Afrika ya Mashariki. Aliandika kwamba ambari iliyo bora ni ile ya bahari ya Zanji, akasimulia pia jinsi ilivyopatikana: samaki mkubwa huimeza, ikamuua, akaelea juu ya maji, ndipo watu wa Zanji humwendea kwa mashua, wakamvuta kwa kulabu na kamba, wakampasua na kuitoa. Mwishoni mwa karne ya 13, Marco Polo naye aliandika juu ya Madagaska, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuifikia, kwamba ina ambari nyingi kwa sababu bahari yake ina nyangumi wengi.

Ni dhahiri, basi, kwamba watu wa pwani hizi walijua jambo ambalo wengine walikuwa wakilitilia shaka, yaani kwamba ambari na nyangumi wana uhusiano. Kwingineko palikuwa na maelezo ya kila namna. Wako waliosema kuwa ni povu la bahari lililoganda, wengine wakasema ni kinyesi cha ndege, na wengine kwamba hububujika kutoka katika chemchemi chini ya bahari. Wachina waliiita mate ya joka. Hata masimulizi ya al-Masudi, pamoja na kukaribia ukweli, yaligeuza mambo, kwa sababu yalimfanya nyangumi kuwa mlaji wa ambari, si mtoaji wake.

Ukweli ulithibitika baada ya wawindaji wa Marekani kuanza kuwapasua nyangumi wengi. Mwaka 1724 tabibu Zabdiel Boylston wa Boston aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba ambari imeonekana ndani ya nyangumi. Mwaka 1783 tabibu mwingine, Franz Xaver Schwediawer, aliandika kwamba hutengenezwa katika matumbo ya nyangumi wa ambari, akaonyesha kwamba vipande vyeusi vigumu vilivyomo ndani yake ni midomo ya ngisi. Ngisi ana mdomo mgumu mfano wa mdomo wa kasuku, nao hausagiki tumboni. Kwa kawaida nyangumi huitapika midomo hiyo. Lakini katika nyangumi wachache sana hupenya hadi matumboni, ikakwaruza, na mwili ukaifunika kwa kitu kama nta. Donge hilo likitoka huwa jeusi lenye harufu mbaya; baada ya kuelea baharini kwa miaka mingi na kupigwa na jua na chumvi, hugeuka rangi ya kijivu na kupata harufu ile iliyotafutwa na wafalme.

Maisha ya mnyama huyu

Nyangumi wa ambari hutambulika kwa kichwa chake, ambacho ni karibu theluthi ya urefu wote wa mwili. Dume mzima hufikia urefu wa meta 16 na uzito unaozidi tani 40. Jike ni mdogo zaidi, kama meta 11 na tani 15. Ubongo wake, wenye uzito wa kilo 8 hivi, ni mzito kuliko wa mnyama mwingine yeyote. Ndani ya kichwa mna mfuko mkubwa wa mafuta meupe laini, ambayo, kama tutakavyoona, ndiyo yaliyomletea msiba.

Chakula chake hasa ni ngisi, naye huwafuata katika vilindi visivyofikiwa na nuru. Hupiga mbizi hadi kina cha meta mia kadhaa au zaidi ya 1,000, akakaa huko dakika 45 hivi bila kuvuta pumzi. Na imejulikana kwamba aweza kupita saa nzima. Katika giza hilo macho hayamsaidii sana. Hutoa milio mikali mifupi, akasikiliza mwangwi wake unaporudi, na kwa njia hiyo akatambua mahali windo lilipo. Mafuta ya kichwani ni sehemu ya chombo hicho cha kutolea sauti.

Maisha yake ya jamaa yanastahili kuangaliwa kwa makini. Majike huishi pamoja katika makundi ya watu wa ukoo mmoja, kama tungeweza kusema hivyo juu ya wanyama: bibi, binti zake, na wajukuu, pengine 10 au zaidi kidogo kwa jumla. Jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 14 hadi 16, akazaa ndama mmoja mwenye urefu wa meta 4, kisha akamnyonyesha kwa miaka miwili au zaidi. Hupita miaka minne hata sita kabla hajazaa tena. Kwa kuwa ndama hawezi kumfuata mama yake vilindini, majike hupokezana kuzama, ili daima abaki mmoja juu ya kumwangalia. Wakishambuliwa, hujipanga duara na kuwaweka ndama katikati. Umri wao waweza kufikia miaka 70, na hivyo jike mzee hukumbuka mahali palipokuwa na chakula katika miaka mibaya ambayo wadogo hawakuiona.

Safari zake

Wako nyangumi wa aina nyingine ambao safari zao hufuata majira kama saa. Nyangumi wenye nundu, kwa mfano, hula katika bahari baridi za kusini, kisha kila mwaka huja kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya. Safari za nyangumi wa ambari hazina ratiba ya namna hiyo, nazo hutofautiana kwa dume na kwa jike.

Majike na ndama hawatoki katika maji ya joto na ya wastani, kati ya latitudo ya 40 kaskazini na ya 40 kusini. Humo hutembea daima, kwa mwendo wa kilometa 4 hivi kwa saa, wakiwafuata ngisi. Na ngisi wakiadimika huweza kuhama mbali. Majike waliotambuliwa karibu na visiwa vya Galápagos katika miaka ya 1980 walionekana baadaye karibu na Chile na katika Ghuba ya California, umbali wa maelfu ya kilometa. Dume, kwa upande wake, hukua pamoja na mama yake hadi afikiapo umri wa miaka 10 hivi, wengine mapema na wengine baadaye, ndipo akaacha ukoo wake. Kwanza hufuatana na vijana wenziwe. Kadiri anavyokua huzidi kusogea kwenye maji baridi, na madume wakubwa hufika hadi mipakani mwa barafu karibu na ncha za dunia. Akikaribia miaka 30 huanza kurudi kwenye maji ya joto kutafuta wenza, akizunguka kutoka kundi hadi kundi, kisha huenda tena kwenye baridi. Hivyo mama na mwana waweza kuishi maisha yao yote katika bahari mbili zilizo mbali kama Ikweta ilivyo mbali na barafu.

Wawindaji na batli zao

Mtu atauliza: mambo ya safari hizi yalijulikanaje kwanza? Yalijulikana kwa wawindaji. Watu wa kisiwa cha Nantucket, huko Marekani, walianza kumwinda nyangumi wa ambari katika robo ya kwanza ya karne ya 18. Walichokitaka hasa ni mafuta. Yale ya kichwani, ambayo kwa dume mkubwa yaliweza kufika lita 1,900, yalitengenezwa mishumaa yenye nuru safi isiyo na moshi. Mafuta ya mwilini yaliwasha taa na kulainisha mashine za viwanda vilivyokuwa vikizaliwa wakati huo. Ambari ilikuwa bahati ya nadra.

Nyangumi walipopungua mahali pamoja, meli zilisogea mbele. Mwaka 1789 meli Emilia ya London ilizunguka Rasi ya Horn na kumuua nyangumi wa ambari katika Pasifiki. Katika miaka ya 1820 meli nyingi zilikuwa zimefika pwani za Japani. Tarehe 20 Novemba 1820 dume mmoja aliipiga kwa kichwa meli Essex ya Nantucket katikati ya Pasifiki, akaizamisha. Habari hizo, zilizoandikwa na Owen Chase, msaidizi wa nahodha, zilimsaidia Herman Melville kutunga riwaya yake mashuhuri ya mwaka 1851. Kufikia miaka ya 1840 Marekani peke yake ilikuwa na meli zaidi ya 700 za uwindaji huu.

Baadhi ya meli hizo zilifika kwetu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, na baada ya balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, kuwasili mwaka 1837, Zanzibar ilikuwa mahali pa kujulikana kwa mabaharia hao. Wengine waliokuja humo walikuwa wafanyabiashara wa pembe na nguo, na wengine walikuwa wawindaji wa nyangumi waliohitaji maji matamu na vyakula. Mmoja wao, J. Ross Browne, aliyetoka Marekani mwaka 1842, aliiacha meli yake Zanzibar baada ya kuchoshwa na mateso ya baharini, na mwaka 1846 akatoa kitabu kilichoeleza maisha magumu ya mabaharia pamoja na ukaaji wake kisiwani. Ni jambo la kutafakari kwamba visiwa vilevile vilivyokuwa vikiuza ambari kwa karne nyingi viliwapa maji watu waliokuja kumwua mwenye ambari.

Kila meli ilikuwa na batli, yaani daftari ya safari, ambamo msaidizi wa nahodha aliandika kila siku hali ya hewa, mahali meli ilipo, na nyangumi walioonekana na waliouawa. Mwaka 1851 Matthew Maury, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alizikusanya habari za batli hizo akachora ramani ya nyangumi duniani. Mwaka 1935 Charles Townsend, aliyekuwa mkurugenzi wa nyumba ya samaki ya New York, alichapa ramani kamili zaidi, kutokana na batli za miaka 1761 hadi 1920. Juu ya ramani hizo aliweka alama za nyangumi wa ambari zaidi ya 36,000, kila mmoja mahali alipouawa na mwezi wake. Atazamaye upande wetu ataona alama hizo kuanzia Mlango wa Msumbiji na Komoro hadi Shelisheli, na karibu na Ikweta mbele ya Zanzibar. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya kwanza kubwa ya safari za mnyama huyu, na kila nukta yake ni kifo.

Batli hizo zimeendelea kufundisha hata baada ya wawindaji wenyewe kufa. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2021 walizisoma zile za kaskazini ya Pasifiki, wakaona jambo la ajabu: miaka michache tu tangu wawindaji waingie eneo jipya, uwezo wao wa kuwapiga chusa nyangumi waliowaona ulipungua kwa zaidi ya nusu. Wawindaji hawakuwa wamepungukiwa na ujuzi. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba nyangumi waliokwisha kuonja hatari waliwafunza wenzao. Zamani, kwa adui mwenye meno, walijipanga duara. Na desturi hiyo iliwafaa sana wawindaji, waliowakuta wote mahali pamoja. Sasa walijifunza kukimbia, na wengine walikimbia kuelekea upepo utokako, ambako meli ya tanga haiwezi kuwafuata.

Karne ya 20

Kuchimbwa kwa mafuta ya petroli huko Pennsylvania mwaka 1859 kulipunguza haja ya mafuta ya nyangumi, na wengi walidhani kwamba mnyama huyu ameokoka. Mambo hayakuwa hivyo. Zilikuja meli za mvuke na mizinga ya kurushia chusa yenye baruti, na kwa silaha hizo ujuzi wa kukimbilia upepo haukufaa tena. Mafuta yake yalitakiwa kwa mashine. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi wa ambari wapatao 760,000, wengi wao baada ya mwaka 1945. Katika Bahari ya Hindi, kituo cha Durban kiliwinda hadi mwaka 1975. Na meli za Urusi ya Kisovieti ziliwinda kwa siri hata katika Bahari ya Uarabuni katika miaka ya 1960. Hesabu za kweli za uwindaji huo wa siri zilianza kutolewa hadharani na wanasayansi wa Kirusi mwaka 1993.

Hapa pana jambo ambalo nchi ndogo ya bahari yetu yapasa kusifiwa. Mwaka 1979, miaka mitatu tu baada ya kupata uhuru, Shelisheli ilipendekeza mbele ya Tume ya Kimataifa ya Nyangumi kwamba Bahari ya Hindi iwe hifadhi, na pendekezo hilo likakubaliwa. Mwaka 1982 Tume hiyo iliamua kusimamisha uwindaji wote wa biashara, kuanzia msimu wa 1985/86. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema kwamba kabla ya uwindaji kuanza walikuwako nyangumi wa ambari karibu milioni 2 duniani, na kwamba sasa wako kiasi cha 850,000. Mnyama azaaye mara moja katika miaka minne au sita hawezi kujaza pengo hilo upesi, na leo hukutana na hatari nyingine za meli ziendazo kasi, nyavu na taka za plastiki.

Elimu ya kusikiliza

Hifadhi ilileta namna mpya ya kumjua. Kati ya mwaka 1981 na 1984 mashua ndogo ya tanga iitwayo Tulip iliwafuata nyangumi wa ambari karibu na Sri Lanka bila chusa, ikiwa na vyombo vya kusikilizia sauti chini ya maji. Ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1957 kwamba mnyama huyu hutoa milio, na tangu mwaka 1977 kwamba hubadilishana mafungu mafupi ya milio yenye mpango maalumu, kama mtu apigaye ngoma kwa mapigo ya kuhesabika. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba katika Pasifiki makundi ya majike hugawanyika katika koo kubwa, kila ukoo ukiwa na mapigo yake, na kwamba koo mbili zinazotumia bahari moja hazichangamani. Ndama hazaliwi nayo mapigo hayo, bali hujifunza kwa wakubwa wake.

Hatudai kwamba hiyo ni lugha kama lugha ya wanadamu. Hilo wataalamu bado wanalichunguza. Lakini kwa mwalimu wa lugha maana yake ni wazi. Palipo na jambo linalofundishwa na mzee kwa mdogo, kuuawa kwa mzee ni hasara isiyohesabika kwa mapipa ya mafuta. Galápagos inatuonya: katika miaka ya 1990 koo zilizokuwa zikiishi huko zilitoweka katika maji yale, na nyangumi walipoonekana tena huko miaka mingi baadaye, walikuwa wa koo nyingine wenye mapigo mengine. Bahari ilikuwa na nyangumi tena, lakini desturi za mahali zilikuwa zimebadilika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu anapoufikia msemo wa udi na ambari asiupite upesi. Aeleze ambari ni nini, aonyeshe ramani ya Bahari ya Hindi, na kusimulia habari za al-Masudi, za mabaharia wa Nantucket na za pendekezo la Shelisheli. Aseme pia kwamba ng'ambo ya miamba, pale maji yanapokuwa meusi kwa kina, majike wangali wanapokezana kuwaangalia ndama. Somo hilo litamfaa hata mwanafunzi wa bara asiyetarajia kuiona bahari, kwa maana atakuwa amejua neno hilo limetoka wapi na lilimgharimu nani.